Picha ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu hakuwa akianguka na kutoa povu, ndiyo maana kwetu Kibakwe watu walichelewa kukiita kifafa. Alikuwa akisema anasikia harufu ya nywele zinazoungua, kisha anakodoa macho na kutafuna hewa, vidole vikichezea pindo la kanga. Dakika moja, mbili, halafu anatuuliza kwa nini tunamtazama.

Vidonge vya hospitali ya wilaya vilimsaidia. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, hospitali za watu binafsi zinaota Dar es Salaam kama uyoga, na mimi, karani wa serikali Dodoma, nikashikwa na ujuaji. Nikashikilia kwamba lazima apigwe picha ya kichwa. Nikampeleka mwenyewe.

Mdogo wangu akingoja nje, daktari aliinua filamu dirishani, akasema haoni kovu wala uvimbe.

"Lakini mashine hii haioni kila kitu," akaongeza. "Kifafa anacho. Dawa asiache hata siku moja."

Akayaandika hayohayo kwa Kiingereza, mstari wa mwisho wa ripoti.

Nyumbani, msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu. Mama alivuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Haya mwanangu, wameona nini humo kichwani?"

"Hamna kitu, mama. Kichwa chake kizima."

Akapiga kigelegele. Hadi leo najichukia kwa kigelegele kile. Nilitaka sana kuwa mtoto aliyeleta habari njema, nikaikunja karatasi kabla sijafika mwisho. Jumapili tukapeleka kuku kanisani kushukuru. Jumatatu nikarudi Dodoma, chumbani kwangu Area D, wala sikuuliza habari za vidonge. Mama alikuwa ameshavitupa chooni. Dawa za nini, na mgonjwa hayupo?

Kiangazi kilipokolea, mdogo wangu alikwenda korongoni kuchota maji kwenye shimo la mchangani. Walimkuta amelala kifudifudi, uso ndani ya maji yasiyofika hata kifundo cha mguu. Kata alikuwa bado ameishika.

Msibani watu walinong'ona kifafa, kifafa. Mama hakutaka mwanawe azikwe na jina hilo. Akaingia ndani, akatoka na ile bahasha ya ripoti, akanipa mbele ya wote.

"Wasomee, mwanangu. Wajue alikuwa mzima."

Nikasimama, nikasoma. Mstari wa mwisho nikauruka tena.