Chupa za Kutoboa

Jumapili, kwenye karamu ya komunyo ya kwanza huko Bagira, niliona maman mmoja akipita kati ya viti na kuokota chupa tupu za maji ya duka. Kila chupa aliitoboa chini kwa msumari.

Jirani yangu akamkaripia: "Ah, maman! Unaziharibu juu ya nini? Miye natiyaka mo mafuta!"

"Ya kutia mafuta, kuya ku nyumba yangu nikupatie bidon, dumu nzima." Hakuacha kutoboa. "Hizi watu wataokota, watatia maji ya robine, ya bomba tu, watafunga muzuri, watauzisha. Mutoto wangu alikunywa ya vile, akalala wiki mbili ku hospitali na homa ya tifoide. Mpaka leo miguu haina nguvu."

Jirani akamnyooshea chupa yake mwenyewe.

Wasomaji wangu, mimi niliinamisha kichwa. Mwezi uliopita mgeni wa heshima alinikuta nyumbani sina maji ya duka. Nilijaza chupa tupu kwenye robine, nikakaza kifuniko, nikamwekea mezani. Alikunywa yote, akanishukuru kwa kumjali.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padri akaniambia: "Mbele ya sala yoyote, enda umuombe yule mugeni masamaha."

"Padri, mugeni ni weye."

Kisha nikasikia sauti yake, polepole, nyuma ya wavu: "Ile maji, ulikuwa umeichemusha?"