Samaki wa Yunisi Ana Ufa Mkiani

Saa mbili asubuhi, Mwanga, Kigoma. Yunisi Bonifasi anakandamiza muhuri wa mbao juu ya kipande cha sabuni ya mawese. Inatokea picha ya samaki mwenye ufa mkiani. Anakitazama kidogo, anakiweka kando.

"Huo ufa ni wangu," anasema. "Muhuri uliniponyoka mwaka 2014. Marehemu mume wangu, Anatoli, ndiye aliyeuchonga. Alicheka, akasema uache hivyo hivyo, ndiyo alama yako."

Leo ufa huo ndio unaomtesa. Ng'ambo, Bujumbura, samaki yuleyule, na ufa wake, kisheria ni mali ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni Fébronie, mkimbizi aliyefanya naye kazi miaka sita. Aliporejea kwao Burundi mwaka 2018, aliomba apike sabuni kwa alama hiyo, awe anatuma sehemu ya faida. Yunisi alimchongeshea muhuri wa pili, pamoja na ufa wake. Hawakuandikiana hata mstari.

"Kwetu mbegu hanyimwi mtu. Ningeanzaje kumdai karatasi, na alikuwa ananiita dada?"

Baadaye Yunisi alisajili alama yake hapa nyumbani tu, akidhani imetosha. Wapi! Fébronie alikuwa ameshajisajilia kule. Mwaka jana Yunisi alipopeleka katoni arobaini Bujumbura, zilizuiwa bandarini kwamba ni bandia.

"Niliambiwa naiga sabuni yangu mwenyewe. Nililia mbele za watu, sikuona aibu."

Zamani aliuza vipande 900 kwa wiki. Sasa 250, vikienda vizuri. Fébronie hapokei simu.

Mwanasheria mmoja amemwonyesha upenyo: alete ushahidi kwamba aliitumia alama hiyo kabla ya mwenzake. Hapo ndipo penye mtihani. Sabuni huogewa ikaisha. Nani atakuwa na kipande cha miaka hiyo?

Amezunguka Ujiji, amezunguka Mwandiga, nyumba kwa nyumba. Hakuna.

Limebaki jina moja, Diana wa Kidahwe, aliyeolewa mwaka 2016. Yunisi alimtilia vipande vitatu kwenye sanduku la harusi, vinukishe kanga. Picha ya siku hiyo ipo, sanduku likiwa wazi; kinachokosekana ni kipande chenyewe. Jumamosi anakwenda kuuliza.

"Ana watoto wanne sasa," anasema, akiufuta muhuri kwa pindo la kanga. "Namwomba Mungu tu, asiwe amevifulia nepi."