Ukucha wa Mama Mkaguzi

Yule mama anakagua marekebisho madogo madogo ya usafi wa kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya chini kabisa inayowasha kila kitu, na kazi hiyo anaifanyia nyuma ya duka la mbegu hapa Dongobesh. Watu wanamtumia mstari mmoja, mistari miwili ya programu waliyoirekebisha, naye anaipitia kama anachambua maharage: kidole kwenye kioo, midomo inatembea, akikuta nafasi imezidi anagonga meza kwa ukucha, tak. Usafi wangu wa kwanza ulikuwa kufuta mstari mmoja tu usio na kazi. Akaurudisha mara mbili: "Huo unatumika." Siku ya tatu nikainuka kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, ukuta mmoja na kwake, nawaka, naenda kumpasha. Ila huwezi kumpasha mama hujamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo? Ndama amepona?"

Nikajibu yote nimekunja uso.

"Haya sema sasa, mwanangu, usije ukapasuka."

"Huo mstari hautumiki popote! Tafuta kwenye mafaili yote, mama!"

Akatafuta. Kidole kikashuka, kikapanda tena, midomo ikasimama. Nikajua leo nafukuzwa. Akapiga kigelegele mpaka muuza mbegu akamwaga mahindi. "Nimepita hapa miaka minne sijaona kuwa hautumiki! Umenishinda!" Akaukubali palepale, jina langu likaingia kwenye orodha ya waliochangia, akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe.

Jioni nikamtumia wa pili. Upande wa pili wa ukuta nikasikia: tak.