Gia ya Tatu Haitoki Tena

Jumamosi jioni, Kitengela.
Dada Nekesa, na nyinyi marafiki,

Leo nimemshika fundi mkono. Msicheke kwanza.

Mnalijua lile gari letu kuukuu la fobaifo, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kila likipanda mlima, gia ya tatu ilikuwa inaruka. Basi marehemu mume wangu, Baba Naliaka, alishika usukani kwa mikono miwili, mimi nikikaa kando yake nimeikaza gia isitoke. "Shika, mama," alikuwa akiniambia, nami nikashika hivyo mpaka Kajiado.

Sasa nikiendesha peke yangu, nani atanishikia?

Kwa hivyo leo nimewekewa giaboksi nyingine, na magurudumu mapana. Fundi akaliendesha ili tulijaribu, nami nikakaa mahali pangu pa siku zote.

Kufika mlimani, mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukatua juu ya wake!

"Mathe, kwani kuna nini?"

"Nashika gia."

Akacheka sana. "Wacha tu, mathe. Hii haitoki tena."

Nami nikacheka. Lakini njia yote ya kurudi sikujua mkono niuweke wapi.

Mkipita barabara ya Kajiado, mtukumbuke sisi wawili.