Spika Mbili za Siti ya Nyuma

Edelmira Polo alikuwa akichoma sindano majumbani. Hapa kwetu Rebolo, pwani ya Colombia, na mitaa ya jirani, ukiandikiwa sindano kumi za maumivu ya mgongo na huna nguvu ya kupanga foleni kliniki, unampigia Edelmira, naye anakuja na kigari chake cha kijani, Twingo ya milango miwili, kidogo hivi kwamba majirani tulimtania kuwa hakipandi bali anakivaa. Mimi ninakaa nyumba ya pili kutoka kwao, na amenichoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Siti ya mbele aliweka boksi la barafu la dawa. Siti ya nyuma ilikuwa ya baba yake, mzee Saturnino, ambaye alikaa upande upande, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya siti, kwa sababu goti lake halikunjiki tangu siku kabati la spika lilipoteleza kutoka kwenye lori na kumwangukia. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, macho yameingia ukungu. Siku aliyosahau kahawa jikoni hadi mpini wa sufuria ukayeyuka, Edelmira alisema basi, hutabaki tena peke yako. Tangu hapo wakawa wanazunguka wote wawili, mgonjwa hadi mgonjwa, yeye akishuka na sindano, mzee akibaki na redio.

Lazima niseme mzee huyu alikuwa nani. Ujana wake wote alikuwa seremala wa piko, yale maspika marefu kama kabati za nguo, yaliyopakwa rangi na michoro mbele, ambayo Jumamosi yakifunguliwa mtaa huu, mtaa wa tatu wanahesabu vyombo vikicheza rafuni. Piko yake kubwa iliitwa Tufani. Ilipiga salsa, ilipiga nyimbo za Kongo ambazo hakuna aliyejua maneno yake, sisi tukazipa majina yetu na kuziimba tulivyosikia. Mbao zote za Tufani alizikata Saturnino. Wanamuziki walimwita Fundi, na aliitikia kama askofu anavyoitikia.

Sasa fikiria mtu kama huyo anakaa kwenye siti ya nyuma ya Twingo ambayo spika zake za nyuma zimekufa. Karatasi za ndani ya spika zilikuwa zimepasuka kwa jua na miaka, na kila wimbo uliotoka humo ulikoroma.

"Huko mbele mko harusini," alikuwa akilalamika, "sisi wa nyuma tuko matangani."

"Baba, si wewe unayesema muziki wa siku hizi ni kelele?"

"Ni kelele. Lakini hata kelele naitaka ifike nzima."

Basi alipotimiza miaka themanini na miwili, Edelmira akaamua zawadi yake isiwe shati tena. Akampeleka kwa Wadith Charris, fundi wa muziki wa magari pale kona ya duka la dawa, jamaa wa miaka thelathini na kitu, shingo nene, maneno mengi. Wadith akatoa spika mbili mpya za umbo la yai, kubwa, nyeusi, zinang'aa pembeni. Alipoanza kupima mahali pa kukata matundu yake kwenye kibao cha nyuma, kile kinachofunika buti, mzee akanyoosha mkono, akakigonga kwa kifundo cha kidole.

"Kijana, hiki si kibao. Hiki ni biskuti."

Wadith akacheka. "Mzee wangu, dunia imeenda mbele! Hizi spika za leo zinajibeba zenyewe."

"Punda naye anajibeba mwenyewe. Lakini ukimpandisha kwenye meza ya karatasi?"

"Edelmira, dada yangu, huyu baba yako ni wa moto!"

Zikafungwa. Zikapiga kwa sauti hata mbwa wa duka la dawa akahama. Edelmira akageuka kumtazama baba yake, akamwona ameinamisha kichwa, akadhani ni furaha. Haikuwa furaha. Mzee alikuwa anatafuta kitu ndani ya wimbo na hakioni. Lakini zawadi ya mwanao huitii doa, kwa hiyo akasema, "Asante, mwanangu, ni nzuri," akajifuta jasho.

Jumanne iliyofuata walikwenda kwa Bi Clotilde Barraza. Huyu mama, miaka sabini na saba, alivunjika nyonga. Mfupa ukapona, yeye akakataa kupona. Miezi minane alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, akiangalia barabara na kuwakosoa wapita njia. Daktari alimwambia atembee, akamjibu, "Nitembee niende wapi?" Na huyu zamani ndiye alikuwa mchezaji dansi ambaye watu wakimwona anavua viatu mbele ya piko, wanapisha duara wenyewe.

Edelmira aliegesha chini ya dirisha, muziki ukiwaka. Kabla hajashuka, sauti ikatoka kitandani, dirishani:

"Edelmira! Nani anakaanga bisi ndani ya gari lako?"

"Ni spika mpya, Bi Clotilde! Zawadi ya baba!"

"Mpya? Mbona nasikia mluzi na bati tu? Besi mmeisahau nyumbani?"

Mzee Saturnino akainua kichwa. "Nani huyo anayesema?"

"Mtu mwenye masikio. Na wewe uliyejificha huko nyuma ni nani?"

"Saturnino Polo."

Bi Clotilde akachungulia dirishani. Kisha: "Saturnino wa Tufani? Yule fundi?"

"Ndiye mimi."

"Basi ona aibu, Fundi. Funga hiyo takataka, wagonjwa tunalala."

Edelmira alisimulia kwamba alichoma sindano siku ile huku anauma midomo asicheke. Aliporudi garini, baba yake alikuwa amezima redio mwenyewe. Walipotoka nyumba ya tatu baada ya hapo, Edelmira alipokuwa akiwasha gari, mzee akasema, "Tuna betri ya tochi nyumbani?"

"Ipo. Ya nini?"

"Malizia watu wako halafu turudi. Yule mama amesema kweli, na mimi nilijua tangu kwa Wadith, nikanyamaza kama mjinga."

Saa tisa alasiri walikuwa uani kwao, mlango wa nyuma wa Twingo umeinuliwa, nami nimesimama kwenye uzio wao, samaki mkono huu na kisu mkono huu, kwa sababu jambo kama hilo haliachwi lipite. Mzee aliketi kwenye ukingo wa buti. Akamwambia bintiye achomoe waya za spika kwenye redio, kisha aziguse kwenye betri, waya mmoja huku, mwingine huku. Yeye akaweka ncha ya kidole katikati ya spika ya kulia, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto mchanga.

"Gusa." Spika ikafanya *tup*. "Hii inatoka nje. Sasa nyingine, waya zilezile, upande uleule. Gusa."

*Tup.*

Mzee akatabasamu meno yote matano. "Hii inaingia ndani. Unaona? Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Wanagombana humo nyuma, na besi inafia katikati. Wadith amegeuza waya upande mmoja."

"Ni hilo tu?" Edelmira akauliza.

"Hilo la kwanza. La pili ni biskuti."

Waya zikageuzwa pale pale. Tukasikiliza: besi imerudi kweli, lakini kile kibao chembamba kikawa kinatetemeka nayo, kinagonga meno. Mzee akaagiza plaiwudi nene ya milimita kumi na tano, iliyokuwa imelala nyuma ya tangi la maji tangu enzi. Hapo ndipo pakatokea jambo ambalo sikulitarajia.

Edelmira alileta mbao, msumeno, penseli na msasa. Mzee akapapasa msumeno, akaushika vizuri, akauweka juu ya mstari, kisha akauondoa. Macho yale hayangeweza kuona mstari. Akakaa nao magotini.

"Ningekuwa na ndugu zako hapa," akasema. "Wale niliwafundisha."

"Wako Bogotá, Baba, na mmoja hajashika hata nyundo tangu aoe. Mimi niko hapa. Kwa nini hukunifundisha mimi?"

"Hukuniomba."

"Nilikuomba. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaja karakana, nikasema nataka kukata. Ukanipa ufagio."

Mimi huku kwenye uzio nilijifanya naangalia samaki wangu. Mzee akainamia msumeno. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno, jino baada ya jino.

"Nilikupa ufagio," akasema mwishowe. "Kweli. Nakumbuka, ulifagia mpaka chini ya meza." Akamnyooshea ule msumeno kwa upande wa mpini. "Shika. Kidole cha shahada kielekee mbele, hivyo. Usisukume kwa hasira, mbao inajua. Vuta, uachie. Vuta, uachie."

Edelmira alikata vibaya mwanzo. Mkono uliozoea mshipa wa mtu ulikuwa mwoga mbele ya mbao. Mzee akawa anasikiliza, na kwa kusikia tu akawa anamsahihisha: "Umepinda kulia. Rudi. Sasa umeulaza. Usimamishe." Kwenye matundu ya spika walikata mduara mrefu wa yai kwa msumeno mwembamba, na mzee akapitisha vidole vyake ukingoni mara nne, tano, akisema "msasa hapa, msasa hapa," hadi akasema, "Sasa hapa vidole vyangu havijui nani kapakata, mimi au wewe." Kwa lugha ya Saturnino, hiyo ilikuwa medali. Edelmira aligeuka upande, akajifanya ana vumbi jichoni. Vumbi lilikuwepo, sikatai.

Wadith alifika kesho yake asubuhi, baada ya Edelmira kumpigia simu na kumsomea mashtaka. Alisimama buti ikiwa wazi, akatazama waya zilivyorekebishwa, akajipiga paji la uso.

"Nimegeuza! Mimi! Miaka kumi na mbili kwenye kazi!"

"Ulikuwa unaongea," mzee akamwambia. "Mikono inasikiliza mdomo, ndiyo shida yako."

Wadith hakukasirika, na ndiyo maana nampenda jamaa yule. Alienda karakana kwake, akarudi na kapeti nyeusi ya kufunika kibao na ukanda wa sponji wa kuzunguka spika, akavifunga yeye mwenyewe bila kudai kitu, huku Edelmira akimshikia skrubu na mzee akimkaripia. Kisha wakafungua redio.

Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Ngoma iliingia kwanza, nene, inatembea chini chini sakafuni, halafu gitaa la Kongo likaja juu yake safi kama maji ya mtungi. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa nzima. Nilizima jiko nikatoka, nikakuta majirani sita wametoka vilevile, mmoja na mswaki mdomoni. Mzee Saturnino amekaa siti yake ya nyuma, spika huku na huku ya masikio yake, macho amefumba, anapiga kidole kwenye goti lile bovu.

"Imefika," akasema. "Sasa imefika."

Jumanne wakarudi kwa Bi Clotilde. Mzee alidai avalishwe shati jeupe. Edelmira aliegesha palepale chini ya dirisha, na safari hii baba yake ndiye aliyeita:

"Bi Clotilde! Tuna bisi leo, utakula?"

Hakujibiwa. Wimbo ulikuwa ule wa zamani ambao Tufani ilifungia nao kila Jumamosi. Ulipita nusu yake, dirishani hapana mtu. Edelmira akaogopa, akashika boksi lake la sindano kutaka kuingia. Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa, na Bi Clotilde akatokea akiwa na gauni la kulalia, mkono mmoja ukutani, mwingine umekamata mkongojo ambao miezi minane ulikuwa unatundikiwa taulo. Dada yake anayeishi naye yuko nyuma yake, analia na kupiga yowe, "Utaanguka! Utaanguka!"

"Niache," akasema. "Nataka kuona kama huyu mtu anadanganya."

Akashuka ngazi mbili. Akafika kwenye gari, akaweka kiganja juu ya kioo cha nyuma ili aisikie besi mkononi. Akakaa hivyo. Kisha nyonga ile iliyokataa kila amri ya daktari ikasogea kidogo, kulia, kushoto, si zaidi ya upana wa vidole viwili. Edelmira aliniambia hajawahi kuona ngoma nzuri kuliko ile, na huyo amekulia kwenye ngoma za Karnavali ya mji wetu.

"Hii sasa ni Tufani," Bi Clotilde akasema.

"Ni mtoto wa Tufani," mzee akamjibu. "Na kibao amekata huyu hapa, binti yangu."

Kwanza Bi Clotilde akawa anatoka kila Jumanne, halafu kila siku. Baada ya Pasaka hakuhitaji tena sindano, lakini kigari cha kijani kiliendelea kusimama pale. Wadith naye siku hizi hafungi spika kabla mzee hajaweka kidole, na Jumamosi, Edelmira akimaliza wagonjwa, huingia karakana kwake kumkatia vibao. Vimeshafika magari kumi na moja.

Jumapili iliyopita walikwenda ufukweni Puerto Colombia kula samaki na wali wa nazi, nami nikaalikwa. Bi Clotilde na mzee walikaa nyuma, mguu wa mzee umepenyezwa katikati ya siti za mbele, wanabishana tangu mtaani kwetu kuhusu nani alikuwa anapiga ngoma za timbali mwaka gani. Kwenye taa za barabarani, askari wa trafiki akaja moja kwa moja kwetu, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Edelmira akakiteremsha, ameshaanza kutafuta leseni.

"Samahani, afande, napunguza sasa hivi."

"Punguza ya nini?" askari akasema. "Huu wimbo mama yangu alikuwa anaupenda. Ongeza kidogo, mpaka taa iwake kijani."