Funguo Zilizobaki Kwenye Koti

Wapo watu wanaohama kama ndege, na jirani yangu Orysia ni mmoja wao. Theluji ikianza tu kuanguka kwao Kanada, huyo anakuja kwetu Las Higueras, pwani ya Mexico, kwenye kijumba chake cha bluu kinachopakana ukuta na changu. Tangu ujanani hadi uzeeni aliendesha basi la shule kwenye barabara za barafu, akiwafokea watoto wa watu, ndiyo maana mpaka leo hajui kunong'ona.

Mwaka huu mwanawe Danylo alimwekea sharti.

"Mama, umri umekwenda. Nenda peke yako. Ukifika na ukaingia ndani kwako, sitataja tena kuuza ile nyumba. Ukikwama njiani, theluji ikiyeyuka tunauza."

Akakubali, maana ana kiburi huyo! Jioni Danylo angempigia simu ya video amwone yuko ndani.

Basi akaondoka kwao bado giza. Kwenye kubadilisha ndege, mfanyakazi wa uwanja akamsogezea kiti cha magurudumu.

"Cha nani hicho?"

"Chako, bibi."

"Kaa wewe nikusukume. Naona umechoka kuliko mimi."

Ndege ya pili ikakawia ikimwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, kwa hiyo basi la kuja huku likamwacha. Akapanda la baadaye, akabanana na baba mmoja aliyepakata keki ya harusi, na njia nzima akawa anamlaumu dereva anavyokata kona. Alishuka jua linazama. Mimi nilikuwa stendi namsubiri.

"Umenenepa," nikamwambia.

"Na wewe, Librada, huo mdomo haujakonda."

Tukafika mlangoni kwake. Akapekua mkoba, akapekua tena, kisha akaumwaga wote barazani. Uso ukamshuka.

"Funguo ziko kwenye koti."

Sikuuliza koti liko wapi. Hawa watu wa baridi ndivyo walivyo: hawapandi ndege na koti zito wakija kwetu. Wakifika mlangoni mwa uwanja wanalivua, wanamtupia aliyewaleta, halafu wanakimbilia ndani na kishati wakitetemeka kama vifaranga walionyeshewa na mvua. Koti alikuwa nalo Danylo.

"Za akiba unazo wewe," akasema.

"Nizitoe wapi? Si kitasa ulibadilisha mwenyewe siku unaondoka, cha zamani kilipoliwa na chumvi? Ukasema za akiba utaniletea."

Akakaa juu ya sanduku. Nikamwambia alale kwangu, simu ikipigwa asimame penye ukuta mweupe, nani atajua?

"Mwanangu simdanganyi. Kama nimekwama, nimekwama."

"Basi pita juu."

Mtaani kwetu mtu akifungiwa nje haiti fundi, anapita juu ya paa la jirani. Muuza gesi hupita huko, paka hupita, na wapo waume za watu wanaopita kwa shughuli zao, siwataji. Mlango wake wa jikoni, upande wa uani, hufungwa kwa komeo la waya tu.

"Nitapanda mimi," nikasema, nikaegemeza ngazi yangu ukutani.

"Sharti ni mimi."

"Una miaka sabini na ushee!"

"Na wewe una kilo tisini na ushee. Shika ngazi."

Akapanda. Kule juu ya paa langu akapenya kwenye kamba za nguo, akatokea upande wa pili na kaptura ya mume wangu begani, akavuka kijiukuta, akapotelea kwenye ngazi ya chuma ya uani kwake. Halafu, kishindo!

"Orysia! U mzima?"

"Mzima! Chungu cha maua ndicho kilichokufa! Hata hivyo kilikuwa kibaya!"

Akanifungulia mlango wa mbele kutoka ndani kama malkia. Nikaenda kwangu, nimerudi tu na sufuria ya pozole, supu yetu ya mahindi na nyama, simu ikalia. Danylo huyo, funguo zinaning'inia mkononi.

"Mama, uko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini? Funguo ninazo mimi!"

Orysia akaizungusha simu: jiko, friji, mimi na sufuria.

"Umeingiaje?"

"Nimepita juu ya paa. Librada alishika ngazi."

"Nilishika, lakini nilifumba macho," nikasema. Ukweli ni ukweli.

Danylo akajifunika uso, mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Haya mama. Nilisema uingie, umeingia. Nyumba haiuzwi. Ila ngazi hiyo usiiguse tena."

"Basi niletee funguo zangu."

"Nitakuletea. Krismasi, na wanangu."

Miaka yote hiyo Danylo hajakanyaga huku hata siku moja. Orysia akajifuta macho kwa ile kaptura ya mume wangu. Ikabidi nijibu mimi.

"Njooni, karibuni sana. Ila mje na godoro. Hapa kitanda ni kimoja, na mama yako anakoroma, namsikia mpaka kwangu."