Mimba ya Kwanza, Bila Kukaa Kitako

Mimba yangu ya kwanza ilipoingia mwezi wa nane, Kariakoo nzima ilitaka nikae. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, jua limeshapanda, wanawake wa mbele wakaanza kupaza sauti: "Mpisheni mjamzito! Mleteeni kigoda!"

Kigoda kikaja. Nikasema nashukuru, nitasimama tu. Mama mmoja akanishika mabega, akanikalisha kwa upole, kama mtu anavyomkalisha mgonjwa. Maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Niliruka juu, machozi yananitoka, wakadhani uchungu umenishika. "Apelekwe hospitali!" Nikaondoka pale bila sukari, natembea miguu imeachana, sitaki kumtazama mtu usoni.

Ilikuwa bawasiri. Wakati ule hata jina lenyewe nilikuwa silitamki. Nilikuwa nimeolewa nikitokea Kilimanjaro, na nyumbani kwetu mambo ya chooni yaliishia chooni. Nilimwambia mume wangu kwamba mgongo unauma. Yeye alikuwa fundi kwenye karakana moja eneo la Gerezani, anarudi jioni amechoka, mikono ina grisi. Akaniamini.

Choo chetu kilikuwa cha shimo, uani, tukikitumia wapangaji wote wa nyumba. Nilikuwa nachuchumaa na tumbo lile, nimeegemea ukuta, jasho linanichuruzika, na nje mtu anakohoa kunijulisha kwamba anasubiri. Nikimaliza naona damu. Mara ya kwanza nilidhani mtoto anatoka. Baada ya hapo nikaanza kuogopa chakula, kwa sababu kila tonge nililomeza nilijua litanidai huko mbele. Ugali wa unga wa njano wa miaka ile nilikuwa naumega na kuuacha.

"Unamnyima mtoto," mume wangu akasema.

"Sina hamu."

"Hata ndizi?"

"Hata ndizi."

Kliniki nako nilishindwa kusema. Nesi alinipima nyuma ya pazia jepesi, na upande wa pili benchi limejaa wajawazito wanaosikia kila neno. "Kichwa kiko chini, vizuri. Una tatizo lingine?" Nikajibu hakuna. Akaniongezea vidonge vya damu. Nikavimeza kwa utii, na choo kikazidi kuwa kigumu kama kokoto. Kwamba ni vile vidonge, nilikuja kujua miaka mingi baadaye.

Kuna mchana nililala ubavu sakafuni, kwa kuwa saruji ilikuwa na ubaridi, nikamwomba Mungu anichukue. Sikusema anichukue peke yangu. Mtoto alicheza tumboni, nami sikuweka hata mkono.

Mwenye nyumba wetu ndiye aliyenikuta bafuni nalia. Alikuwa mama wa Kiislamu, mzito wa mwili, ambaye kabla ya siku ile hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

"Mwanangu, ni uchungu?"

"Hapana, mama."

"Sasa nini?"

Nikamnong'oneza. Hakucheka. "Bawasiri hiyo. Mimi ilinipata kwenye mimba ya nne. Hata kukaa kwenye sala nilishindwa. Mbona unakufa na siri ya kila mzazi?"

Alichemsha maji, akayaacha yawe vuguvugu, akatia chumvi ndani ya karai na kunisaidia kuingia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilivuta pumzi hadi chini. Lakini maji yalipopoa, maumivu yakarudi palepale.

Jioni ile alimwita mume wangu pembeni, akamweleza. Kesho yake mume wangu akaja na mpira wa ndani wa tairi la toroli, ameujaza upepo, akauvika kanga. Niliukalia. Ulinisaidia kidogo, kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikarudi kulala ubavu.

Uchungu wenyewe ulipokuja sikuogopa kufa, niliogopa kusukuma. "Sukuma, mama!" wakunga wakipiga kelele, nami najibana, nalia kwamba siwezi, hadi mmoja akanipiga kofi la paja. Nikasukuma. Nilihisi nimechanika pande zote. Wakaniwekea mtoto wa kike kifuani, mzima, analia, nami nilichowaza ni kwamba kesho nitahitaji kwenda chooni.

Uvimbe wa bawasiri ulitoka wote siku ile, ukakaa nje kwa majuma. Nilinyonyesha nimelala. Hatimaye ulirudi taratibu, ingawa haukuniacha kabisa.

Sikuzaa tena. Wakwe walinisema kwa miaka, kwamba mtoto mmoja si mtoto. Mume wangu ndiye aliyewajibu kila mara: "Huyu ametutosha." Sababu hakuwaambia. Na mimi, nikiwasikia wakinong'ona kwamba nimefunga kizazi makusudi, niliinama nikaendelea kuchambua mchele.